Merikebu ya Dola Moja

Mtu asikiapo habari za vita vya baharini, mara hufikiri manowari kubwa za chuma zenye mizinga ya kutisha, na nyambizi zipitazo chini ya maji. Ni mara chache mtu kukumbuka kwamba katika vita vikubwa vilivyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, vyombo vya matanga navyo vilikuwa na kazi yake. Chombo cha tanga hakitoi moshi wala hakina kishindo. Mlinzi akionapo kwa mbali hudhani ni watu wanaotafuta kitoweo, naye hugeuza macho yake kutazama kwingine. Kwa sababu hiyo majeshi ya baharini tangu zamani yametumia vyombo vidogo kuwa macho yao.

Habari za merikebu iliyoitwa Lanikai ni za namna hiyo, lakini ndani yake mna jambo ambalo mpaka leo watu hawajapatana juu yake. Je, wale waliopewa kazi katika merikebu hiyo walitumwa ili waone, au walitumwa ili waonekane?

Mwaka 1941 Visiwa vya Ufilipino vilikuwa bado chini ya bendera ya Marekani. Upande wa pili wa bahari ilikuwako Indochina ya Wafaransa, ambayo pwani yake ndefu leo ni ya Vietnam. Japani ilikuwa inapigana katika Uchina tangu mwaka 1937, na mwezi wa Julai 1941 majeshi yake yaliingia kusini mwa Indochina na kupata huko viwanja vya eropleni na bandari nzuri ya Camranh. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alijibu kwa kuzuia mali yote ya Wajapani iliyokuwa katika nchi yake, na mafuta yakakoma kwenda Japani. Taifa lisilo na mafuta haliwezi kuendesha manowari wala eropleni. Basi kila mwenye kufuata mambo ya dunia alijua kwamba Wajapani watakwenda kuyatafuta mafuta hayo kusini, katika visiwa vya Waholanzi ambavyo leo ni Indonesia. Lililokuwa halijulikani ni siku gani watakwenda, na kwa njia ipi, na kama njiani watawapiga Wamarekani au watawapita.

Mkuu wa manowari za Marekani katika bahari zile, aliyekaa Manila, alikuwa Amirali Thomas Hart, mzee wa miaka 64. Alikuwa na nyambizi 29, lakini manowari zake nyepesi 13 zote zilikuwa kuukuu, za wakati wa vita vya kwanza na miaka iliyofuata. Eropleni zake zilikuwa zikiruka mpaka karibu na pwani ya Indochina, kutazama meli za Wajapani zinakusanyika wapi.

Tarehe 1 Desemba 1941 ikatoka amri Washington kwenda kwa Hart, nayo ilisema wazi kwamba ni agizo la Rais mwenyewe. Akodi vyombo vitatu vidogo, na kama ikiwezekana viwe tayari katika siku mbili. Kila chombo kiongozwe na ofisa wa jeshi la majini, kiwe na mzinga mdogo na bombomu moja, kwa kuwa hayo yatosha kukifanya kihesabiwe kuwa manowari ya Marekani. Mabaharia waweza kuwa Wafilipino, pamoja na wanajeshi wa Marekani wachache iwezekanavyo. Kazi yao ni kutazama mwendo wa Wajapani na kuutangaza kwa simu ya upepo. Chombo kimoja kikae kati ya kisiwa cha Hainan na mji wa Hue, cha pili kati ya ghuba ya Camranh na rasi ya St. Jacques, na cha tatu mbele ya rasi ya Camau, iliyo ncha ya kusini kabisa ya nchi ile.

Amri hiyo ilikuwa ya ajabu kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya kutazama ilikuwa inafanywa tayari na eropleni, na eropleni moja kwa siku moja huona bahari ambayo chombo cha tanga hakiwezi kuimaliza kwa juma zima. Pili, si desturi ya mkuu wa nchi kumchagulia amirali aliye mbali ukubwa wa chombo, na idadi ya silaha zake, na mahali pa kukaa. Mambo kama hayo huachiwa yule aliye karibu nayo. Lakini amri ni amri, naye Hart akaanza kuitimiza.

Chombo cha kwanza kilikuwa tayari. Kiliitwa Isabel, nacho kiliundwa kuwa chombo cha starehe cha tajiri mmoja kabla ya kuchukuliwa na jeshi katika vita vya kwanza. Kilitoka Manila tarehe 3 Desemba, na kama kingeulizwa, neno la kujibu lilikuwa kwamba kinatafuta eropleni iliyopotea. Tarehe 5 Desemba, kilipokuwa kinakaribia pwani ya Indochina, eropleni ya Kijapani ilikiona ikakizunguka. Jioni ile Isabel ikaitwa irudi. Hakuna risasi iliyopigwa.

Chombo cha pili ndicho Lanikai. Ilikuwa merikebu ya milingoti miwili, ya namna iitwayo skuna, yenye urefu wa futi 87 na mtambo wa kuisaidia upepo ukikosekana. Iliundwa California mwaka 1914. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika vita vya kwanza, ilikamatwa Honolulu kwa kuwa ilikuwa mali ya Wajerumani, ikatumikia jeshi kwa jina la Hermes. Baadaye iliuzwa ikapita katika mikono ya watu mbalimbali, na mwaka 1937 ilionekana hata katika sinema iitwayo The Hurricane. Mwishowe ilifika Manila, na hapo ndipo jeshi lilipoikodi kwa dola moja kwa mwaka. Tarehe 5 Desemba 1941 iliandikwa katika hesabu ya manowari za Marekani. Chombo cha tatu, kilichoitwa Molly Moore, hakikupata hata kwenda.

Ofisa aliyepewa Lanikai alikuwa Luteni Kemp Tolley, mtu wa miaka 33. Alipewa mabaharia wachache wa jeshi pamoja na Wafilipino, na baadhi ya hao walikuwa wakiitumikia merikebu hiyo tangu ilipokuwa ya biashara. Katika muda wa siku mbili walipakia chakula, maji na risasi, wakafunga mzinga mdogo wa kizamani juu ya sitaha, wakatweka bendera. Kazi aliyoambiwa Tolley ilikuwa kwenda kukaa mbele ya mlango wa ghuba ya Camranh, na manowari za Wajapani zitokapo aseme zimeelekea wapi.

Hapa yafaa msomaji asimame kidogo afikiri. Mpelelezi wa baharini hujificha kwa kufanana na wengine. Kama Lanikai ingalikwenda kama chombo cha wavuvi, bila bendera ya jeshi, na watu wake wamevaa nguo za kazi, huenda ingalikaa kule siku nyingi bila kusumbuliwa. Lakini amri ilitaka ofisa, na mzinga, na bendera, yaani kila kitu kiwezacho kumwambia Mjapani kwamba chombo hiki si cha mvuvi. Wakati huohuo mzinga wenyewe ulikuwa mdogo hata usingeweza kukilinda chombo kwa dakika chache. Kwa kujificha, silaha zilikuwa nyingi mno, na kwa kupigana zilikuwa chache mno.

Jumapili tarehe 7 Desemba Lanikai iling'oa nanga. Mlango wa ghuba ya Manila ulikuwa umetegwa mabomu chini ya maji, na njia salama haikuweza kupitwa gizani. Kwa hiyo Tolley alitia nanga karibu na mlango ili asubiri alfajiri. Usiku ule, yapata saa nane na nusu kwa saa za Manila, ambapo Hawaii ilikuwa bado Jumapili asubuhi, eropleni za Kijapani ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor. Wamarekani 2,403 walikufa. Kabla hakujapambazuka simu ya upepo iliiambia Lanikai kwamba vita vimeanza, irudi bandarini. Hivyo safari ya upelelezi ilikoma kabla merikebu haijatoka katika ghuba. Saa chache tu za giza ndizo zilizowatenga watu wale na mlango wa Camranh.

Lakini kuokoka hapo hakukuwa mwisho wa taabu zao. Tarehe 10 Desemba eropleni ziliiteketeza karakana ya jeshi la majini ya Cavite. Majeshi ya Japani yalishuka pwani, na ilipofika tarehe 26 Desemba Amirali Hart aliondoka Manila kwa nyambizi. Usiku wa tarehe hiyo Lanikai nayo ilitoka ikielekea kusini, ikiwa na mabaharia wake pamoja na maofisa wengine wachache, mmoja wao Mholanzi. Siku saba baadaye Wajapani waliingia Manila.

Walichokifanya watu hao tangu hapo kingeeleweka vizuri na nahodha yeyote wa Lamu au Mombasa. Katika miezi ile upepo wa bahari zile hutoka kaskazini mashariki, sawa na kaskazi ivumayo pwani ya Kenya, nao uliwasukuma kule walikotaka kwenda. Waliipaka merikebu rangi ya kijani. Mchana waliikaribisha ufukoni, wakakata matawi ya miti wakaifunika, ili rubani apitaye juu asione ila kichaka. Giza lilipoingia waliondoa matawi, wakatweka matanga, wakaenda mpaka karibu na mapambazuko. Ndivyo walivyopita kutoka kisiwa hata kisiwa, wakaivuka bahari ya Sulu, wakaingia katika visiwa vya Waholanzi, wakafika Java.

Java nayo haikuwa mahali pa kukaa. Tarehe 27 Februari 1942 manowari za Waholanzi, Waingereza, Wamarekani na Waaustralia zilishindwa vibaya katika bahari ya Java. Tarehe 1 Machi ilizama Houston, iliyokuwa manowari kubwa kupita zote za Hart, pamoja na Perth ya Australia. Kusini mwa kisiwa hicho manowari za Kijapani zilivizia kila chombo kilichokimbia. Asheville ya Marekani ilizamishwa tarehe 3 Machi, na Yarra ya Australia tarehe 4 Machi. Lanikai ilipita katika bahari hiyohiyo, tena kwa mwendo wa pole kuliko zote. Tarehe 18 Machi 1942 ikatia nanga Fremantle, Australia. Ilikuwa imesafiri siku 82, na maili zipatazo 4,000. Isabel nayo iliokoka, ikafika bandari iyo hiyo.

Mwezi wa Agosti 1942 Lanikai ilipewa jeshi la majini la Australia, ikafanya kazi za bandarini mpaka vita vilipokwisha. Ilirudishwa Ufilipino, na mwaka 1947 ikazama kwa tufani katika ghuba ya Subic. Kemp Tolley alipanda cheo hata akastaafu akiwa amirali. Mwaka 1973 alitoa kitabu juu ya safari ile, na ndani yake alisema bila kuficha kwamba Lanikai iliwekwa kuwa chambo. Aliandika kwamba Hart mwenyewe, katika uzee wake, alimkubalia hivyo, ila hakutaka kueleza zaidi.

Wenye maoni hayo husema hivi. Katika sheria ya Marekani, vita hutangazwa na Bunge, si na Rais, na mwaka 1941 watu wengi wa nchi ile hawakutaka vita. Katika siku za mwanzo wa Desemba, Roosevelt alikuwa amemwambia Balozi wa Uingereza kwamba Waingereza wakishambuliwa katika mashariki watapata msaada wa silaha. Je, kama Wajapani wangeipiga Malaya tu, Rais angeliambia nini Bunge? Bali kama manowari yenye bendera ya Marekani, hata ikiwa ndogo, ingezamishwa na Wajapani, neno la kuliambia Bunge lingepatikana. Tena walipoulizwa na kamati ya Bunge baada ya vita, wakubwa wa jeshi la majini hawakudai kwamba shauri hilo lilikuwa lao. Amirali Ingersoll alisema kwamba wao wenyewe wasingetuma vyombo vile kama wasingeambiwa.

Wanaopinga nao wana maneno yenye uzito. Mwaka 1937 eropleni za Kijapani ziliizamisha manowari ndogo ya Marekani iliyoitwa Panay katika mto Yangtze, na watu wakafa. Bunge halikutangaza vita. Japani iliomba radhi ikalipa fedha, na jambo likaisha. Basi Roosevelt alijua vema kwamba chombo kidogo kikizama si lazima taifa lisimame. Tena Roosevelt alikuwa mtu apendaye bahari, aliyeshika madaraka katika idara ya jeshi la majini tangu mwaka 1913 hata 1920, naye alijua kwamba eropleni haioni gizani wala penye mawingu. Jambo hilo lilithibitika upesi. Tarehe 6 Desemba eropleni ya Australia iliziona meli za Wajapani karibu na rasi ya Camau, lakini siku ya pili yake mawingu na mvua vilizificha, na usiku wa kuamkia tarehe 8 zikashusha askari Malaya. Chombo kilichokaa mahali pamoja usiku na mchana kingeweza kuziona.

Nani ana haki? Roosevelt alikufa mwaka 1945, Hart akafa mwaka 1971, na Tolley mwaka 2000. Lililokuwa moyoni mwa Rais alipotoa amri ile hakuliandika, wala hakuna awezaye kumwuliza sasa. Lakini pasipo kuamua hukumu hiyo, yako mambo mawili yaliyo wazi.

La kwanza ni juu ya aliyetumwa. Wahenga walisema, mtumi wa kunga haambiwi maana. Vita haviwezi kuendeshwa ikiwa kila baharia ataelezwa kila sababu, na kila karani aliyewahi kupokea barua kutoka juu, yenye agizo lakini haina maelezo, aijua hali hiyo. Katika vita vile vile vijana wa Afrika Mashariki walipanda meli huko Mombasa kwenda mashariki. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Tolley na watu wake walitii amri waliyopewa, na ilipoondolewa walitumia akili yao kuokoa maisha yao na chombo chao. Sifa hiyo ni yao, hata kama amri yenyewe ilikuwa mbaya.

La pili ni juu ya aliyetuma. Mkulima anayesumbuliwa na chui hufunga mbuzi chini ya mti usiku, naye akakaa karibu na silaha yake. Mbuzi yule hakuwekwa ili amwone chui. Amewekwa ili alie. Mkulima hana lawama, maana mbuzi ni mali yake. Lakini mtu si mali ya mtu, wala ya taifa. Wafilipino waliokuwa katika Lanikai hawakuwa na neno katika Bunge la Marekani wala katika baraza la Japani, na nchi yao haikupata uhuru wake mpaka tarehe 4 Julai 1946. Hata hivyo amri iliwahesabu kuwa ndio wafaao kujaza chombo kile. Kama walipelekwa kutazama, hatari ile ilikuwa kazi ya askari, na kazi ya askari ina heshima yake. Kama walipelekwa wapigwe ili wakubwa wapate sababu, basi walidhulumiwa, hata ingawa hawakupigwa.

Kwa hiyo wanaoendelea kuuliza habari za Lanikai hawapotezi wakati wao. Askari hukubali kutoambiwa maana siku ile anapotumwa, kwa kuwa anaamini kwamba iko maana njema nyuma ya amri. Imani hiyo ni amana aliyoiweka mikononi mwa mkubwa wake. Vita vikiisha, mwenye kuiweka amana ana haki ya kuidai, na akiwa amekufa, watoto wake waidai kwa niaba yake.